Popo Alalaye Chini ya Majani

Watu wengi hudhani ya kuwa popo wote hulala mapangoni au darini. Sivyo. Katika misitu ya Marekani, kama ile ya Missouri, yuko popo mwekundu, ambaye uzito wake haupati hata gramu 15. Wakati wa joto huning'inia mtini, naye hufanana sana na jani lililokauka. Baridi ikizidi hushuka chini (nani angemdhania hayo mnyama arukaye?), akajiingiza katika majani yaliyopukutika, akajifunika ngozi ya mkia wake, yenye manyoya kama blanketi. Mwili hupoa, pumzi hupungua, akawa kama mfu.

Hapo ndipo penye hatari. Mabwana misitu wa huko huchoma majani hayo makusudi, mara nyingi katika miezi ya baridi, ili moto mkubwa usije ukatokea baadaye. Popo asikiapo moshi huanza kuamka, lakini hawezi kuruka mara moja. Sharti mwili upate joto kwanza, na jambo hilo huchukua dakika nyingi. Kwa hiyo wataalamu hushauri moto uwashwe mchana, siku yenye vuguvugu, wala si asubuhi ya baridi kali.