Petroli, Dizeli au Umeme? Hesabu ya Gari la Familia Katika Njia ya Tabora

Mtu anayetaka kununua gari aghalabu huuliza kwanza bei yake, kisha rangi yake, na mwisho huuliza kama "linakula mafuta". Swali hili la mwisho ndilo lingepaswa kuwa la kwanza. Gari hununuliwa mara moja, lakini hulishwa kila siku. Na familia iliyokosea katika kuchagua chakula cha gari lake hulipia kosa hilo kwa fedha za ada, za matibabu na za mbolea. Siku hizi uchaguzi umekuwa mgumu zaidi, kwani pamoja na petroli na dizeli kumeongezeka umeme. Makala haya yanalipima jambo hili kwa kanuni za fizikia na kwa hesabu za kawaida, yakichukua mfano wa mji ambao umeijua taabu ya usafiri kwa zaidi ya karne moja na nusu, yaani Tabora.

Njia na chakula chake

Kabla ya reli, bidhaa zote zilizopita baina ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji zilichukuliwa na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, karibu robo tatu ya kilo. Hesabu ni nyepesi: lau mpagazi angebeba chakula chake tu bila bidhaa yoyote, angeumaliza mzigo wake wote kwa siku 45 hivi. Lakini safari ilikuwa ndefu zaidi ya hapo. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, yaani baada ya siku zaidi ya 130.

Basi msafara haukuwezekana kwa nguvu za wapagazi peke yake. Uliwezekana kwa sababu njiani palikuwa na vijiji vya kununulia nafaka. Mahali palipokosa vijiji ndipo palipoogopwa, na palipoogopwa kuliko pote ni Mgunda Mkali, pori kavu lililokuwa kati ya Ugogo na Unyamwezi. Hapo kila msafara ulilazimika kubeba chakula cha siku nyingi na kwenda mbio mpaka Tura, mlango wa Unyamwezi.

Wageni walijaribu kuleta nguvu nyingine. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe, lakini ng'ombe wengi walikufa njiani kwa sababu ya mbung'o. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne kutoka India. Ni mmoja tu aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Ng'ombe na tembo hawakuwa wanyama dhaifu. Walishindwa kwa kuwa nguvu iliyofaa kwao haikulingana na njia ya huku. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, ilifaulu kwa sababu ilijengwa pamoja na vituo vyake vya maji na kuni.

Kutokana na historia hii twapata kanuni moja: chombo hakipimwi kwa nguvu zake tu, bali pia kwa chakula kinachobeba na kwa umbali uliopo kati ya ghala moja na jingine.

Injini mbili za mwako

Injini ya petroli hufuata mpango wa mapigo manne uliotekelezwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876. Hewa iliyochanganyika na petroli husindikwa ndani ya silinda mpaka ujazo wake upungue mara kumi hivi, kisha plagi hutoa cheche na mchanganyiko huwaka. Injini ya Rudolf Diesel, ambayo ilifanya kazi vizuri kwa mara ya kwanza mwaka 1897, haina cheche. Husindika hewa peke yake mara 16 hadi 20, na hewa hiyo hupata moto mkali kiasi kwamba dizeli ikinyunyiziwa ndani huwaka yenyewe. Kwa sababu ya msindiko huo mkubwa, injini ya dizeli hugeuza sehemu kubwa zaidi ya joto kuwa mwendo. Lakini pia hudai chuma kizito, pampu ya shinikizo kubwa na mafuta safi. Kwa hiyo bei yake na gharama ya matengenezo yake huwa juu.

Lita moja ya petroli ina nishati ya kilowati-saa 8.9 hivi, na lita ya dizeli kama 10. Gari la familia la ukubwa wa wastani laweza kutumia lita 8 za petroli, au lita 6.5 za dizeli, kwa kilometa 100. Maana yake ni kwamba gari la petroli hula kilowati-saa 71 kwa mwendo huo, na la dizeli 65. Karibu robo tatu ya nishati ya petroli hupotea kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi bila kuligusa gurudumu.

Gari la umeme

Gari la umeme si uzushi wa juzi. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy aliliendesha gari la betri kwa mwendo uliozidi kilometa 100 kwa saa. Lililolirudisha nyuma ni uzito wa betri za risasi. Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, ndizo zilizolifufua.

Mota ya umeme haichomi kitu, na kwa hiyo haipotezi joto jingi. Gari lenye ukubwa ule ule laweza kwenda kilometa 100 kwa kilowati-saa 18 zilizomo katika betri; ukiongeza zile zinazopotea wakati wa kuchaji, ni uniti 20 kutoka ukutani. Kwa upande huu umeme umeshinda kwa mbali.

Lakini na itazamwe sasa ile kanuni ya mpagazi. Tangi la petroli la lita 45 lina uzito wa kilo 33, yaani takriban mzigo wa mpagazi mmoja, nalo lina kilowati-saa 400. Betri ya kilowati-saa 50 ina uzito wa kilo 330 hivi, mzigo wa wapagazi kumi, na ndani yake mna sehemu ya nane tu ya nishati ile. Mota ya umeme hula kidogo, lakini ghala lake ni zito na dogo.

Hesabu ya fedha

Na ichukuliwe familia ya mwalimu mmoja wa sekondari mjini Tabora. Gari lake huenda shuleni, sokoni na hospitalini, na mara nyingine Sikonge au Nzega. Kwa mwaka hutimiza kilometa 12,000. Bei za mafuta hubadilika kila mwezi kwa matangazo ya EWURA, na Tabora, kwa kuwa mbali na bandari, hulipa zaidi ya Dar es Salaam. Ili hesabu iwe nyepesi, petroli na dizeli zitawekwa kwenye shilingi 3,000 kwa lita, na umeme wa nyumbani kwenye shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo.

Kwa kilometa 100, petroli itagharimu shilingi 24,000, dizeli 19,500, na umeme 7,120. Kwa mwaka mzima itakuwa shilingi 2,880,000 kwa petroli, 2,340,000 kwa dizeli, na 854,400 kwa umeme.

Wengi huishia hapa, nao hukosea. Swali la pili ni hili: ziada ya bei ya kununulia itarudi baada ya muda gani? Kanuni yake ni kugawa ziada ya bei kwa akiba ya mwaka. Ikiwa gari la dizeli limezidi lile la petroli kwa shilingi milioni 6, na akiba yake ya mwaka ni shilingi 540,000, fedha zitarudi baada ya miaka 11. Ikiwa gari la umeme limezidi kwa milioni 20, na akiba yake ni shilingi 2,025,600, zitarudi baada ya miaka 10 hivi, wakati ambapo betri nayo itakuwa imechoka. Lakini gari la kukodishwa linalokwenda kilometa 36,000 kwa mwaka lingerudisha ziada ile ile kwa miaka mitatu na miezi michache. Ndiyo sababu bajaji na pikipiki za umeme huwavutia zaidi wenye kufanya biashara ya abiria: kila kilometa ya ziada hulipa deni la betri.

Moshi unaoonekana na usioonekana

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa, na ya dizeli kilo 2.7. Kwa kilometa 100 magari yetu mawili yatatoa kilo 18.4 na 17.6, tofauti ni ndogo. Hata hivyo masizi ya dizeli ni hatari zaidi kwa mapafu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Gari la umeme halina bomba la moshi, ila yafaa kuuliza umeme wenyewe watoka wapi. Mji wa Kigoma kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli. Jenereta hutoa uniti tatu na kidogo kwa lita; basi zile uniti 20 za kilometa 100 zingehitaji lita 6 za dizeli, karibu sawa na zile 6.5 za gari la dizeli. Moshi ungehamishwa tu. Umeme wa maji hugeuza hesabu hiyo. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, lilianza kuzalisha mwaka 2024, na mwaka 2025 mitambo yote ilikuwa imekamilika.

Mgunda Mkali wa leo

Nyumbani gari la umeme halina shida kubwa. Soketi ya volti 230 inayopitisha ampea 10 hutoa kilowati 2.3. Safari za mjini za kilometa 20 kwa siku huhitaji uniti 4, nazo hujaa kwa muda usiofika saa mbili. Hata umeme ukikatika jioni, usiku ungali mrefu.

Shida huanza safari inapokuwa ndefu. Kutoka Tabora kwenda Itigi ni zaidi ya kilometa 200, na sehemu kubwa ni miombo yenye vijiji vichache. Betri ya kilowati-saa 50, ikiacha akiba ya moja ya tano kama dereva mwangalifu afanyavyo, hufika kilometa 220. Ikiwa ni ya gari lililotumika na imepungukiwa robo ya uwezo wake, hufika 165 tu, nayo huzimika porini. Kuijaza tena kwa soketi ya kawaida huchukua karibu siku nzima. Mgunda Mkali haujatoweka. Umebadili tu aina ya njaa.

Reli imepata ufumbuzi wake. Treni ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 haibebi chakula chake; hulishwa na waya uliotandazwa juu yake njia nzima. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini mwaka 2021. Gari la familia haliwezi kuning'inizwa kwenye waya, kwa hiyo halina budi kungojea vituo vya kuchajia vijengwe, kama msafara ulivyovitegemea vijiji.

Uamuzi

Kwa familia yenye gari moja tu, inayokwenda kilometa 12,000 kwa mwaka na isiyoweza kuacha safari za Dodoma kwa barabara, petroli ingali chaguo la busara. Dizeli inamfaa mwenye mizigo mizito na safari ndefu za kila siku, kama yule asombaye tumbaku ya Urambo. Haimfai aendaye sokoni na kurudi, kwani injini isiyopata moto wa kutosha huziba kwa masizi. Umeme unamfaa yule ambaye safari zake ni fupi lakini nyingi, na aliye tayari kupanda treni au basi mara chache anapokwenda mbali.

Hukumu hii si ya milele. Ziada ya bei ya gari la umeme ikishuka kutoka milioni 20 hadi milioni 8, fedha zitarudi kwa miaka minne badala ya kumi. Na kituo kimoja cha kuchajia kikisimama katikati ya Itigi na Tabora, pori lile litapitika. Hizo ndizo namba mbili za kutazamwa mwaka hata mwaka.

Walimu wa fizikia na hisabati wanaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la darasa. Wanafunzi na waandike kwa mwezi mmoja kilometa na lita za gari la shule, watafute bei za mwezi huo, kisha waikokotoe hesabu upya kwa namba zao wenyewe. Yawezekana majibu yao yakatofautiana na haya. Ikiwa hivyo, na waeleze ni namba ipi iliyoyabadili.