Suti ya Pamba: Faida na Hasara Zake kwa Mwanaushirika



Msimu wa kahawa unapofika, wako wanachama wanaoazimia kushona suti, na ziko kamati zinazofikiria kuwashonea watumishi wa chama sare. Fedha hizo, ziwe za mwanachama mmoja au za chama kizima, zimetokana na jasho. Kwa hiyo yafaa kujua sifa za kitambaa kabla ya kumpelekea fundi.

Suti za pamba si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1960 na 1970 suti nyepesi isiyohitaji tai ilienea Afrika Mashariki na Kati, na hata leo twaiita suti ya Kaunda, kwa jina la Rais Kenneth Kaunda aliyeiongoza Zambia toka 1964 hadi 1991. Nyingi zilishonwa kwa pamba, nyingine kwa tetroni, na nyingine kwa mchanganyiko wa vyote viwili.

Faida za pamba ni hizi. Kwanza, hunywa jasho na kupitisha hewa. Katibu anayeshinda ghalani akipima kahawa ya maganda huona nafuu kuliko aliyevaa tetroni, ambayo hainywi jasho bali huliacha mwilini. Pili, uzi wa pamba ukilowa huzidi kuwa imara, kwa hiyo nguo hustahimili kufuliwa mara nyingi, hata kwa maji ya moto. Tatu, pamba haiharibiwi upesi na pasi ya mkaa. Tetroni huyeyuka kwa pasi kali, na cheche moja ya jikoni huitoboa.

Hasara nazo zisifichwe. Pamba hujikunja, aliyesafiri kwa basi kutoka Muleba hufika Rwamishenye na makunyanzi mgongoni. Rangi yake, hasa nyeusi na buluu, huchujuka kwa jua na sabuni. Kitambaa kipya hurudi kikifuliwa, na suruali ikawa fupi. Utomvu wa mgomba ukiidondokea haufutiki kwa urahisi.

Lakini hasara kubwa kwetu ni unyevu. Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi ya Machi hadi Mei ndiyo mizito zaidi. Suti ya pamba iliyolowa huwa nzito na hukawia kukauka. Ikikunjwa kabla ya kukauka sawasawa, huota koga, na koga hula uzi wenyewe. Hivyo suti nzuri huweza kuharibika sandukuni pasipo kuvaliwa.

Wako wanaosema kwamba kununua suti ya pamba ni kumsaidia mkulima mwenzetu wa Mwanza, Shinyanga au Simiyu. Hoja hiyo ni ya haki, lakini ina sharti lake. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa nyuzi, kama kahawa yetu inavyouzwa nje ikiwa buni, ijapokuwa tunacho kiwanda cha TANICA hapa Bukoba. Mkulima wa pamba hunufaika zaidi pale kitambaa kinapofumwa humu nchini. Basi mnunuzi aulize kitambaa kimefumwa wapi.

Anayetaka kununua na ayazingatie haya:

1. Apime kitambaa kwa moto. Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa tetroni huyeyuka na kuacha punje ngumu.

2. Akiloweke kitambaa usiku kucha na kukianika kabla ya kukatwa, ili kirudi kabla ya kushonwa. Fundi aache upindo wa kutosha.

3. Achague rangi ya kaki au kijivu, isiyoonyesha upesi kuchujuka wala vumbi jekundu la barabarani.

4. Aianike nguo kwa ndani, na asiihifadhi mpaka imekauka kabisa. Sanduku lifunguliwe lipate hewa kila siku ya jua.

Kwa mwenye suti moja tu, ya kuvaa masika na kiangazi, mchanganyiko wa pamba na tetroni wafaa zaidi, mradi pamba iwe nyingi. Mwenye uwezo wa suti mbili, ya pili na iwe ya pamba tupu. Ataivaa kazini wakati wa jua, na katika Siku ya Ushirika, Jumamosi ya kwanza ya Julai, ambapo mvua huwa imepungua.

Kwa upande wa sare za chama, kamati isinunue jora zima kwa kusifiwa na mwenye duka. Ishone suti moja ya mfano, ivaliwe na kufuliwa kwa mwezi mzima, kisha iletwe mbele ya wanachama waione pamoja na hesabu ya gharama. Fedha ni yao, nao ndio wenye haki ya kuamua.