Maji ya Nyumbani (3): Bomba la Jikoni Linapoziba

Sehemu ya pili iliishia kwenye tangi la kuvunia mvua. Sasa ni zamu ya maji yanayotoka.

Kuanzia Bagamoyo hadi Saadani, bomba la jikoni huzibwa na mapishi yaleyale yanayoupa mwambao sifa yake. Mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi joto 24 hivi. Mchana wa Februari hayagandi. Usiku wa Julai, wakati wa kipupwe, huganda, na asubuhi chupa hukutwa imekuwa nyeupe. Ndani ya bomba mambo ni hayo hayo. Tui lililosuuzwa kutoka kwenye sufuria huacha utando, machicha hunasa kwenye utando, kisha magamba ya samaki na maganda ya kamba hunasa kwenye machicha.

Kisima nacho huchangia. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvichumvi, na madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo hushikana na sabuni ya mche, yakafanya ukoko wa kijivu usioyeyuka. Povu likikataa kutoka, mwoshaji huongeza sabuni; ukoko nao huongezeka.

Vyote hivyo hutua kwenye kona iliyopinda kama herufi U chini ya sinki, pamoja na mchanga wa kusugulia masufuria. Kona hiyo haikuwekwa bure. Mwaka 1775, Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda, ili maji yanayobaki humo yazuie harufu isipande. Anayeikata kona apate bomba lililonyooka anaukaribisha uvundo jikoni.

Kuzibua kuanzie hapo. Ndoo iwekwe chini, nati za plastiki zilegezwe kwa mkono, kona itolewe, isuguliwe, irudishwe. Ikikutwa safi, ufunguliwe mfuniko wa chemba ya nje wakati sinki linamwagiwa maji: chemba ikiwa imejaa, mzibo uko mbele, upande wa shimo la maji taka, ikiwa kavu, uko kati yake na nyumba, na hapo ndipo waya wa fundi bomba una kazi.

Kostiki soda ya watengeneza sabuni, ikimiminwa kwenye sinki ili kuzibua, ni hatari kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Huunguza ngozi na macho, na ikigusa sufuria ya aluminiamu huchemka na kutoa gesi inayoshika moto. Isitoshe, kama mzibo hautoki, fundi atakayefungua kona hiyo baadaye hujimwagia dawa asiyoijua. Maji ya moto kiasi, yasiyotokota, yanatosha kulainisha mafuta. Yanayotokota hulegeza bomba la plastiki.

Lililo bora ni kuyazuia mafuta mlangoni: sufuria ifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa, chujio likae kwenye tundu la sinki, machicha wapewe kuku.

Nyumba inayoziba kila mwezi licha ya hayo ipimwe mteremko. Bomba la inchi 4 linatakiwa lishuke takriban sentimita 2.5 kwa kila mita. Likilala, maji hutangulia na taka hubaki.

Sehemu ya nne: shimo la maji taka na umbali wake na kisima.