Lini Kijenzi Kitoke Maabara

Mtu aliyewahi kujaza fomu katika tovuti, akaandika herufi mbili tatu za jina la mji wake, na mara ikafunguka chini yake orodha ya miji inayoanza kwa herufi hizo, ametumia kijenzi. Yaani kipande cha kiolesura ambacho mtunga programu hakukiunda mwenyewe, bali alikichukua kikiwa tayari katika mkusanyo wa vipande vya namna hiyo, pamoja na vitufe, kalenda na vinginevyo. Mikusanyo hiyo ni mingi, na mmojawapo ulio mashuhuri ni Material UI, ulioanza mwaka 2014 juu ya msingi wa React, maktaba ya kujengea violesura, ukifuata mtindo wa sura ambao Google iliutangaza mwaka huo huo. Watunzaji wake hawaviweki vyote mbele ya watu kwa daraja moja: lipo toleo kuu, na kando yake kipo kifurushi cha pili wanachokiita maabara, ambamo vijenzi visivyokomaa huwekwa vitumiwe na mwenye kuikubali hatari. Swali la lini kijenzi kivuke kutoka huku kwenda kule laonekana dogo, walakini limeyagusa maisha ya programu nyingi mno.

Tofauti baina ya mahali hapa pawili si uzuri wa sura, wala si wingi wa kazi ambazo kijenzi chaweza kuzifanya. Tofauti ni ahadi. Kwa desturi ya kuhesabu matoleo inayofuatwa na wengi, namba ya kwanza ya toleo hupandishwa pale ambapo watunzaji wamevunja jambo ambalo watumiaji walilitegemea. Hivyo kijenzi kikishaingia toleo kuu, jina lake, majina ya sifa zake, na namna kinavyojibu kikiguswa, vyote huwa ni amana ya watu ambao watunzaji hawawajui, wala haviguswi mpaka toleo kubwa lijalo. Na toleo hilo halifiki kesho: la 4 lilitoka Mei 2019, na la 5 halikutoka mpaka Septemba 2021. Katika muda wote huo kifurushi cha maabara kilibeba alama ya alfa, kikafikia 4.0.0-alpha.61, na mwenye kukitumia alijua kwamba lolote laweza kugeuka asubuhi yoyote.

Tukitazame kwa karibu kijenzi kile cha orodha ya miji, kiitwacho Autocomplete. Kilipokuwa maabara kilikuwa na sifa iliyoitwa getOptionSelected, ambayo msomaji wa jina lake angedhani yamletea chaguo lililochaguliwa, kumbe kazi yake ilikuwa kulinganisha chaguo moja na thamani iliyomo kwenye kisanduku ili ijulikane kama ni kitu kimoja. Aliyelitunga jina hilo hawezi kuliona kosa lake, maadam yeye anaijua maana kabla ya kusoma. Huonwa na wageni, waliosoma, wakakisia, wakakosea. Kijenzi kilipohamia toleo kuu, katika lile la 5, sifa hiyo ikaitwa isOptionEqualToValue, na ikaambatana na zana ya kuwarekebishia watu mistari ya msimbo inayokiagiza kijenzi kutoka mahali pake pa zamani. Hiyo ndiyo faida kubwa ya maabara: majina hupitishwa kwanza katika vinywa vya wageni, kabla hayajawa ahadi.

Lipo jambo la pili ambalo Autocomplete hulidhihirisha, nalo ni haki ya mtu asiyeona, anayeitumia tovuti kwa kibodi na kisoma skrini. Kanuni za ARIA, zitungwazo na W3C, hueleza jinsi kisanduku cha namna hii kijitambulishe kwa kisoma skrini. Lakini kanuni hizo zenyewe hazikutulia. Katika ARIA 1.1 ya mwaka 2017 utambulisho ulihamishwa kutoka kisanduku cha kuandikia hadi boma lililokizunguka, na katika ARIA 1.2 ya mwaka 2023 ukarejeshwa kwenye kisanduku. Aliyeifuata kanuni kwa uaminifu alilazimika kujenga, kubomoa na kujenga tena. Pamoja na taabu hiyo, nashikilia kwamba kijenzi ambacho kipofu hawezi kukitumia hakijakomaa, hata kiwe kimependwa na watu milioni, na sharti hili lisiachwe likaja kutimizwa baada ya kuvuka.

Watunzaji wa Material UI wameyaandika masharti yao waziwazi: kijenzi kiwe kinatumika, msimbo wake ulingane kwa ubora na ule wa toleo kuu, kiwe na maelezo ya aina za data zake na majaribio ya kutosha, na isitazamiwe kwamba kitavunjwa karibuni. Ni masharti ya insafu, ila hilo la kwanza lataka tahadhari. Uchache wa watumiaji waweza kuwa dalili kwamba kijenzi hakifanyi kazi sawasawa, au kwamba hakuna akihitajiye. Wingi wao, kwa upande wa pili, huthibitisha haja tu, hauthibitishi ukomavu.

Historia ya vivinjari yatosha kuwa ithibati. Watengenezaji wake walikuwa wakizitoa sifa mpya za CSS, lugha ya kupangia sura ya kurasa, zikiwa na kiambishi, kama -webkit- au -moz-, ili kila mtu ajue kwamba ni jaribio na huenda likabadilika. Zilipoenea simu za iPhone, zilizoanza mwaka 2007, waandishi wa kurasa za simu wakazoea kuandika -webkit- peke yake, na jaribio likawa kanuni bila mtu kulipitisha. Mwaka 2012 Opera ikatangaza kwamba itakitambua kiambishi hicho cha -webkit-, kwani bila hivyo kurasa zilivunjika mikononi mwa watumiaji wake. Firefox nayo ikafanya vivyo hivyo katika toleo la 49, mwaka 2016. Google, ilipoanzisha Blink, injini ya kivinjari chake, mwaka 2013, iliamua isitoe viambishi vipya kabisa, bali mambo ya majaribio yafichwe nyuma ya swichi ambayo mtumiaji huiwasha mwenyewe. Kwa hiyo alama ya jaribio haimkingi mtu, ikiwa jaribio limeachwa hadharani mpaka watu wakasahau kwamba ni jaribio.

Wala kuvuka si njia pekee ya kutoka. Vijenzi vya kuchagulia tarehe, ambavyo hutegemea maktaba za nje kama Day.js na Luxon, vilitolewa maabara mwaka 2022 vikapewa makao yao katika MUI X, mkusanyo mwingine wa watunzaji hao hao. Kitufe cha LoadingButton hakikuvuka kama kilivyo: katika toleo la 6.4 kazi yake ilitiwa ndani ya kitufe cha kawaida, na huo ulikuwa uamuzi bora kuliko kuwabebesha watu vitufe viwili.

Miongoni mwa vilivyobaki ni Masonry na Timeline, ambavyo hata toleo la 7 lilipotoka mwaka 2025 vilikuwa vingali maabara. Masonry, kinachopanga picha za urefu usiolingana katika safu, kina udhuru, kwani wataalamu wa CSS wenyewe wamebishana kwa miaka jinsi ya kuuingiza mpangilio huo katika lugha yao, na si busara kuahidi juu ya jambo ambalo huenda vivinjari vikalifanya vyenyewe. Timeline, kinachoonyesha matukio kwa mfuatano wa wakati, kimo humo tangu enzi za toleo la 4, wala sikioni cha kukizuia. Rai yangu ni kwamba toleo kubwa lijalo ama likipokee, ama likiondoe na kuwaelekeza wanaokitumia wauhamishie msimbo wake katika miradi yao wenyewe.