Mchezaji yuko wapi? Mchoro wa soka wa 1913 unaowachanganya watazamaji

Ukisimama mbele ya mchoro huu katika jumba la makumbusho la MoMA, New York, huoni goli wala jezi. Unaona rangi nyekundu, buluu na kijani zikizunguka kama upepo, na katikati kitu kinachofanana na shavu la mguu. Basi. Huyo ndiye mchezaji.

Mwitaliano Umberto Boccioni aliuchora mwaka 1913, kwenye turubai yenye karibu mita mbili kila upande. Sasa kwa nini mtu achore soka halafu amfiche mchezaji?

Jibu linaanzia kwenye kamera. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kwenye mstari akampiga picha farasi anayekimbia. Ikathibitika kuwa kuna wakati kwato zote nne huwa hewani. Lakini kila picha ilimgandisha farasi. Mbio zenyewe hazikuonekana.

Boccioni na wenzake, waliojiita Wafuturisti, walitaka mbio zenyewe. Mwaka 1910 walidai kwamba farasi anayekimbia hana miguu minne, ana ishirini. Giacomo Balla alilichukua hilo kama lilivyo: mwaka 1912 akachora kijibwa chenye miguu kibao.

Boccioni hakuridhika na kuhesabu miguu. Kwake, mwili ulio kwenye kasi unachanganyika na hewa na mwanga unaouzunguka, hadi hujui mtu anaishia wapi. Ni kama ile picha ya simu ya mtoto anayekimbia, iliyotoka na ukungu. Wengi huifuta. Yeye alikuwa anautafuta ukungu huohuo.

Ufaransa walikwenda taratibu kidogo. Jean Metzinger alimchora mwendesha baiskeli wa mbio za Paris-Roubaix na kumwacha aonekane, ila kichwa chake ni kama kioo: mashabiki walioko jukwaani wanaonekana kupitia humo. Kwenye njia ya baiskeli alitia mchanga halisi. Ni mchoro rahisi kuupenda, lakini kwa kasi, wa Boccioni unauacha mbali.

Boccioni hakupata muda wa kuendelea. Agosti 1916, akiwa jeshini wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, alianguka kutoka kwenye farasi wakati wa mazoezi karibu na Verona, akafariki dunia. Alikuwa na miaka 33.