Mashine ya bei ndogo ao ya bei kali? Tuhesabu kwanza siku za kazi

Ndugu wanamemba, swali hili linarudi karibu kila mkutano: "Agronome, tununue ile mashine ya dola 25 ao ile ya dola 100?" Ni ile mashine ya umeme ya kukata na kusaga chuma, yenye diski. Inatusaidia kutengeneza mlango wa depo, kunoa majembe na mapanga, kurekebisha kinu cha muhogo. Wengi wanajibu mbiombio: rahisi ni ghali. Mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara. Tuangalie kwanza mashine itafanya kazi siku ngapi.

Tufanye hesabu

Tuchukue mfano. Tuseme mashine ya dola 25 inavumilia siku 30 za kazi. Baba mwenye kuitumia nyumbani siku 6 kwa mwaka atakaa nayo miaka 5. Kila siku ya kazi inamgharimu chini ya dola 1. Huyo akinunua ya dola 100, feza yake inalala tu ukutani, na pale ingeweza kulipa shule ya mtoto ao mbegu.

Sasa tuone atelie ya koperative. Fundi anafanya kazi siku 4 kwa juma, ni kusema karibu siku 200 kwa mwaka. Kwa hesabu ileile, mutamaliza mashine 6 na kuingia katika ya 7: dola 175. Tena kila mara inapoungua, fundi anakaa bure na wateja wanarudi nyumbani. Hapo mashine ya dola 100 yenye kuvumilia mwaka mzima ndiyo ya bei ndogo.

Hata watengenezaji wanajua tofauti hiyo. Bosch, kampuni ya Ujerumani, inatengeneza mashine za kijani kwa kazi za nyumbani, na za bluu kwa mafundi wa kila siku. Kila moja ina kazi yake.

Mbele ya kulipa, angalia mambo 4

1. Soma kibandiko. Nguvu ya mashine imeandikwa kwa Wati. Jenereta ndogo ya Wati 650 haiwezi kubeba mashine ya Wati 850. Munaweza kuharibu zote mbili.

2. Uliza vipuri. Ndani ya mota kuna vipande viwili vidogo vya makaa vinavyopitisha umeme. Vinalika polepole, na kuvibadilisha si kazi kubwa. Kama makaa na swichi havipatikani sokoni kwenu, mashine ya bei kali itakufa sawa na ile ya bei ndogo.

3. Usidanganyike na jina. Majina makubwa yanaigwa. Herufi iliyokosewa, kibandiko kinachotoka kwa ukucha, kukosa kitabu na namba ya mashine: hizo ni alama za kukufanya usimame. Bei kali peke yake si ushuhuda.

4. Omba iwashwe dukani. Sikiliza sauti. Mashine ikizimwa, uchomoe waya, halafu shika mhimili uutikise. Ukicheza mkononi, iache.

Pahali pasipo kubana feza

Mashine inaweza kuwa ya bei ndogo. Diski hapana. Diski ya 115 mm imeandikwa mizunguko karibu 13.300 kwa dakika. Ya 230 mm, karibu 6.600 tu. Mashine ndogo inazunguka hadi 11.000. Kwa hiyo mutu akitoa kinga ili aingize diski kubwa kwenye mashine ndogo, anaizungusha kupita nguvu yake, na inaweza kupasuka mbele ya uso wake. Soma pia tarehe kwenye pete ya chuma katikati ya diski: ni mwisho wa matumizi. Miwani ya kazi ivaliwe kila mara. Jicho halina kipuri.

Ukiwa na mashine ya bei ndogo, usiilazimishe. Ikipata moto ao ikinuka, acha kukata, iache izunguke bure kwa dakika moja ili upepo wake uipoze, kisha uipumzishe.

Njia ya tatu

Kama wanamemba 20 wanahitaji mashine siku chache chache kwa mwaka, hakuna sababu ya kila nyumba kununua yake. Koperative inaweza kununua moja nguvu na kuikodisha. Muweke kijitabu: jina, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha, hali yake, feza iliyolipwa. Sehemu ya feza hiyo iwekwe kando juu ya makaa na diski. Mtu mmoja achaguliwe kuitunza, na asiyejua kuitumia asipewe bila fundi.

Kwa mkutano ujao, kila mwanamemba alete namba moja: siku ngapi alihitaji mashine hii mwaka uliopita. Mujumlishe namba zote ubaoni, kisha ndipo muzungumze bei.