Kwa nini kuta za Kilwa Kisiwani zinageuka unga

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongee habari ya mawe.

Bibi yangu ana nyumba ya mawe Kilwa Kivinje, ya zamani, ukuta mnene kama urefu wa mkono. Miaka kadhaa nyuma ukuta ulianza kutoa unga mweupe kule chini karibu na sakafu. Familia tukachanga, tukaita fundi, akapiga lipu ya saruji ikang'aa kweli kweli. Misimu miwili ya masika tu, lipu ikabanduka bamba zima. Nyuma yake jiwe limekuwa kama sukari iliyolowa, ukigusa kwa kidole linamwagika. Nikasema fundi katuibia saruji. Kumbe wala! Aliiweka ya kutosha, na hilo ndo lilikuwa tatizo lenyewe.

Nilikuja kulielewa nilipovuka kwenda Kisiwani kuona magofu. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11. Jumba la Husuni Kubwa lilijengwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yuleyule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika 1331. Kuta zote ni za aina ile ile ya nyumba ya bibi: matumbawe, yaani mawe ya chokaa yaliyojengwa na wadudu wa baharini. Mihrabu na nakshi zilichongwa kwenye tumbawe lililotolewa baharini likiwa bado bichi na laini, likipata hewa linakuwa gumu.

Na udongo wa kuungia mawe? Nao ni tumbawe. Unalipanga juu ya magogo, unachoma, unapata chokaa ya moto. Unaizima kwa maji, unachanganya na mchanga, unajengea. Halafu taratibu chokaa inavuta hewa ukaa iliyomo hewani na kurudi kuwa jiwe lilelile ilikotoka. Kwa hiyo ukuta mzima, jiwe na kiungo chake, ni kitu kimoja: kalsiamu kaboneti.

Kitu hicho kina maadui wawili wakubwa.

Wa kwanza mvua. Maji ya mvua yakishuka yanabeba hewa ukaa kidogo, yanapata ukali mdogo sana, hata ulimini huusikii. Lakini jiwe la chokaa linausikia, linayeyuka kidogo kidogo na kuondoka na maji. Kama unabisha, chukua yai, litumbukize kwenye siki mpaka kesho. Ganda litaisha lote utabaki na ngozi tu. Mvua inafanya hivyo hivyo ila yenyewe haina haraka. Wazee walijua, ndo maana waliezeka, wakapiga lipu ya chokaa na kuirudia kila ilipochakaa. Lipu iliwe, jiwe lipone. Mji ulipohamwa na mapaa kuanguka, hakukuwa na wa kurudia tena.

Wa pili ni chumvi, na kwa pwani naona huyu ndo mbaya zaidi. Jiwe la tumbawe limejaa vitundu. Maji yenye chumvi yanapanda kutoka ardhini, mengine yanakuja na upepo wa bahari. Jua likiwaka maji yanaondoka, chumvi inabaki vitunduni na kuwa punje. Punje zinakua, zinasukuma, jiwe linapasuka kwa ndani. Usiku unyevu unarudi, mchana tena jua. Miaka mia saba ya mchezo huo, we hesabu mwenyewe.

Sasa saruji inaingiaje? Saruji nayo inatokana na mawe ya chokaa, ila yamechomwa pamoja na udongo kwa moto mkali mno mpaka yamekuwa kitu kingine. Ni ngumu kuliko tumbawe na haipumui. Ukuta wa zamani ukilowa hukaukia kwenye chokaa iliyo kati ya mawe. Ukiziba hapo kwa saruji, maji yanatafuta njia nyingine, yanatokea kwenye jiwe, na chumvi inabaki humo humo. Jiwe linaisha, saruji imesimama kama fremu bila picha. Ukipiga lipu nzima kama kwa bibi, unyevu unafungiwa ndani kabisa. Na saruji yenyewe ina chumvi zake, inaongezea.

UNESCO waliandikisha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981. Mwaka 2004 wakayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na yakatolewa humo 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Upande wa bahari wa Gereza mawimbi yalishabeba kipande. Ila kilichoniumiza kichwa mimi ni Husuni Kubwa. Liko ukingoni, juu ya bahari, na mvua inakula udongo chini ya kuta. Miti iliyoota pale mizizi yake inashika udongo usiporomoke, halafu mizizi hiyo hiyo inaingia kwenye ukuta na kuupasua. Ukikata, ukingo unaondoka. Ukiacha, ukuta unaondoka. Mimi ningekuwa ndo mwenye panga pale sijui ningefanyaje.

Na chokaa nayo si rahisi, jamani. Kuvunja matumbawe hai na kukata mikoko ya kuchomea ni kuua samaki na kuiondoa kinga ya mawimbi, hata kama ni kwa ajili ya magofu. Bora chokaa ya mawe ya nchi kavu.

Kwa bibi tumeshabandua saruji iliyobaki. Ukuta uko uchi, unakauka, na kila jirani akipita anauliza kama hela imetuishia. Bibi anawajibu ukuta unapumua. Sasa natafuta fundi anayejua kuzima chokaa na kuiacha iive kabla ya kuipiga. Wawili niliowapata wote walianza kwa kuniuliza nanunua mifuko mingapi ya saruji. Aliye Lindi, Kilwa au Mafia na anamjua mzee wa kazi hiyo, aniandikie hapo chini.